Dondoo muhimu: Pweza wa nazi, kwa mamantilie au nyumbani?

Katika pwani ya Mtwara, kuanzia Mikindani hadi Msimbati, pima kwanza idadi ya walaji.

• Uko peke yako? Nenda kwa mamantilie. Nazi, mkaa na muda wa kuchemsha havilipi kwa sahani moja. Uliza bei kabla ya kuagiza.

• Mko wengi? Pikeni nyumbani. Nunueni asubuhi; pweza mzuri ngozi yake inang'aa na hanuki.

• Kumlainisha: mpondeponde, kisha mchemshe kwa maji yake mwenyewe. Chumvi baadaye.

• Tui: jepesi litangulie, zito liwe la mwisho. Koroga bila kuacha, lisikatike.

• Pweza mdogo usimnunue. Hifadhi ya bahari ilianzishwa eneo la Msimbati mwaka 2000; tuisaidie kwa kumwacha pweza azae kwanza.