Picha si yako, aibu si yako

Mdogo wangu wa Katindo, nimesoma ulichoniandikia. Picha inazunguka kwenye grupe ya WhatsApp ya promosyo yenu. Sura ni yako, ile uliyoiweka kwenye statu siku ya kolasyo, umevaa toga na unacheka. Mwili ulio uchi chini ya sura hiyo si wako. Mtu aliichukua picha yako, akaitia kwenye programu ya akili mnemba, akapata alichotaka kwa muda usiotosha hata kuchemsha chai.

Nianze na neno ambalo hakuna aliyekuambia wiki hii: hukufanya kosa lolote. Hata kuweka ile picha ya toga hakukuwa kosa. Watakuja shangazi na marafiki kukushauri ufute picha zako zote na usijipige tena. Siupendi ushauri huo. Unamfunga aliyekosewa na kumwacha mkosaji anatembea. Sisi wanawake wa Kivu tumeizoea mno hukumu ya namna hiyo, ambapo aliyeumizwa ndiye anayeulizwa alivaa nini na alipita wapi.

Wala usidhani uko peke yako. Mwaka 2019, kampuni ya Deeptrace ya Amsterdam ilizihesabu video bandia za akili mnemba kwenye intaneti, ikakuta asilimia 96 ni za ngono na wanaoonekana humo hawakutoa ruhusa. Wakati huo walengwa walikuwa hasa waigizaji na waimbaji. Kufikia 2024, Korea Kusini ilishtuka kuona wasichana wa shule wanatengenezewa picha hizo na vijana wenzao, zinapitishwa kwenye magrupe ya Telegram. Septemba mwaka huohuo bunge lao likapitisha sheria kali: hata anayezitazama picha hizo au kuzihifadhi kwa kujua anaweza kufungwa hadi miaka 3.

Sheria hiyo naipenda, kwa sababu inamgusa asiyeguswa kwa kawaida. Mtengenezaji ni mmoja. Waliompa nguvu ni nyinyi mlio ndani ya grupe, na sasa nasema na nyinyi. Wewe uliyeituma kwa rafiki mmoja tu. Wewe uliyeweka kicheko chini yake. Wewe uliyeionyesha kwa watu eti ili wakusaidie kumtetea. Na wewe mchumba wake, uliyeacha kupokea simu zake kwa sababu ya kitu kilichotengenezwa na mashine: mpigie leo. Bila vidole vyenu picha ile ingekufa kwenye simu ya aliyeitengeneza. Kode yetu ya Dijitali ya Kongo, ya tarehe 13 Machi 2023, inamtaja anayeanzisha uongo dhidi ya mtu mtandaoni pamoja na anayeupitisha. Najua kwamba Goma, tangu ilipotekwa Januari 2025, si mahali pepesi pa kufungua kesi. Lakini ubaya wa tendo haungoji jaji.

Kwako, mdogo wangu, haya ya kufanya. Usifute kitu kwanza. Piga kapture za ujumbe, namba na tarehe, umpe mtu unayemwamini akutunzie. Mwambie mama mwenyewe, kabla jirani hajamwambia. Akitokea wa kukudai pesa ili asiendelee kutuma, usimlipe. Akilipwa mara moja atarudi. Mtake admini aifute picha na amtoe aliyeituma. Kama umefikisha miaka 18, ingia StopNCII.org, ni bure. Picha haitoki kwenye simu yako. Inatengenezwa alama yake tu, na Facebook, Instagram na TikTok zinaitumia alama hiyo kuizuia isipandishwe kwao. Na usingizi ukikukimbia, nenda hospitali ya HEAL Africa. Wapo pale watu waliozoea kusikiliza maumivu ya wanawake bila kuwahoji kama polisi.

Sauti nayo inaigwa siku hizi, na sekunde chache tu za vokali yako zinatosha. Tangu benki zilipofunga milango hapa mjini, tunaishi kwa M-Pesa, Airtel Money na Orange Money, na ndugu zetu wametawanyika Kinshasa, Kampala, Nairobi. Ukisikia kaka analia kwenye vokali akiomba pesa haraka, mpigie kwa namba unayoijua tangu zamani, umuulize jambo la nyumbani kwenu.

Lipo lingine linaloniuma zaidi, na halizungumzwi vya kutosha: siku hizi ni rahisi kuiita video yoyote bandia. Gabon, mwishoni mwa 2018, Rais Ali Bongo alionekana kwenye video baada ya kuugua kwa muda mrefu. Wapinzani wakasema ni bandia. Tarehe 7 Januari 2019 kundi la wanajeshi likajaribu kupindua serikali. Wataalamu walioichunguza video ile hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba ilitengenezwa. Shaka ilisaidia kuwasha moto.

Kwetu Kivu, video ya simu mara nyingine ndiyo shahidi pekee wa yaliyowapata watu kijijini au kambini. Siku hizi naona vijana wakiitupa kwa maneno mawili, "montaji hiyo", kwa sababu tu inaaibisha upande wanaoupenda. Kumbebesha msichana uchi usio wake, na kumnyang'anya mama msiba wake wa kweli, kwangu ni dhuluma moja. Basi kabla ya kusema ni montaji, na kabla ya kusema ni kweli, ulizeni nani aliichukua, wapi, lini, na kama wahakiki wa habari wa Congo Check wameichunguza. Mkikosa jibu, iacheni hapo kwenye simu zenu, msiitume.