Kompyuta ya Ofisi Imekataa Kuunganishwa Baada ya Sasisho? Fanya Haya Kabla ya Kumpa Mtu Nenosiri Lako

Somo la leo ni la wale wanaolipa watu wengi kwa mkupuo: vyama vya ushirika, shule na biashara za Nyeri, Karatina, Nanyuki na kwingineko.

Tuseme wewe ni mhasibu wa chama cha wakulima wa kahawa, na ofisi yenu iko mjini Nyeri. Leo ni siku ya malipo. Karani ameshaandaa orodha, na wewe ndiye wa kuidhinisha. Lakini umeshuka Nairobi kikazi, kilomita 150 hivi kutoka ofisini, na mfumo wenu wa malipo umewekwa ufunguke kwenye kompyuta ya ofisi pekee. Kwa kawaida huifungua ukiwa mbali kupitia Remote Desktop ya Windows. Leo unabonyeza, inakataa. Kumbe jana usiku ilijisasisha. Huko Othaya, Tetu na Mathira wakulima wanaangalia simu zao, na wengine karo inawangoja.

Hapo ndipo mtu hupiga simu ofisini na kusema, "Andika nenosiri langu, uidhinishe mwenyewe." Tafadhali usifanye hivyo. Malipo ya mkupuo yanalindwa na watu wawili: mmoja anaandaa, mwingine anaidhinisha. Ukitoa nenosiri lako, ulinzi huo umeisha, na kila kitakachofanyika kitaonekana kimefanywa na wewe, hata kama karani ni mwaminifu kabisa. Tufuate hatua hizi kwanza, kuanzia iliyo rahisi.

1. Je, kompyuta iko macho?

Mpigie karani aangalie skrini. Kama sasisho bado linaendelea, mwambie asiizime, angoje limalize. Kama imelala, aiamshe. Mkitumia programu nyingine kama AnyDesk au TeamViewer, huenda imewekwa ianze tu mtu akishaingia kwenye kompyuta. Ikiwa ilijiwasha upya usiku na hakuna aliyeingia, hutaipata. Karani aingie kwa akaunti yake mwenyewe, kisha aifungue programu hiyo.

2. Je, anwani ni ile ile?

Kompyuta au ruta ikijiwasha upya, kompyuta inaweza kupewa anwani mpya kwenye mtandao. Wewe bado unabisha mlango wa zamani. Tumia jina la kompyuta badala ya namba za anwani, au muombe fundi wenu aifungie anwani moja isiyobadilika.

3. Je, ruhusa bado ipo?

Karani, au fundi mwenye akaunti ya msimamizi, afungue Settings, aende System, kisha Remote Desktop, ahakikishe imewashwa. Aangalie pia mtandao wa ofisi usisomeke "Public", kwa sababu hapo Windows hubana zaidi. Mtandao wa ofisi unaouamini uwekwe "Private". Na kama mmenunua kompyuta mpya yenye Windows ya Home, hapo hakuna cha kutengeneza: toleo la Home halipokei Remote Desktop. Mnahitaji Pro.

4. Je, unaandika nenosiri au PIN?

Wengi hukwama hapa. Ukiwa ofisini unaingia kwa PIN fupi, mpaka nenosiri lenyewe umelisahau. PIN hiyo ni ya mashine uliyoikalia. Ukija kutoka mbali kwa Remote Desktop, andika nenosiri la akaunti.

5. Je, kompyuta zote mbili zimesasishwa?

Mwezi Mei 2018, Microsoft walitoa sasisho la kuziba tundu kwenye namna kompyuta mbili zinavyothibitishana. Ofisi nyingi duniani ziliamka zikakuta Remote Desktop imekataa, kwa sababu upande mmoja ulikuwa umesasishwa na mwingine bado. Kulikuwa na njia mbili za kutoka hapo. Ya mkato ilikuwa kulegeza ulinzi ili upande uliosasishwa uukubali ule wa zamani. Ya kweli ilikuwa kusasisha upande uliobaki nyuma. Waliokata kona walirudisha lile tundu lililokuwa limezibwa. Kwa hivyo, ukiona kosa baada ya sasisho, sasisha na laptopu yako pia, kisha ujaribu tena.

Zote zikishindikana, fundi anaweza kuliondoa sasisho la mwisho kupitia historia ya Windows Update. Hiyo iwe ya muda tu, mpaka sasisho lililorekebishwa litoke.

Usifanye haya, hata ukiwa na haraka namna gani

Usizime Windows Firewall "kwa dakika tano tu." Usimruhusu fundi afungue mlango namba 3389 kwenye ruta uelekee intaneti yote. Mei 2019 liligunduliwa tundu liitwalo BlueKeep, lililomwezesha mtu kuingia kwenye Windows za zamani kupitia huduma hiyo bila nenosiri lolote. Njia salama ni kupitia VPN ya ofisi.

Na ukipigiwa simu na mtu anayesema ni wa kampuni yetu, akuombe usakinishe programu ya kudhibiti kompyuta ili "akusaidie," kata simu. Sisi hatukuombi hivyo, wala hatukuombi PIN. Tapeli anapenda siku ya malipo kwa sababu anajua una presha.

Kumbuka pia kwamba orodha ile ina majina, namba za simu na za vitambulisho vya wakulima. Kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, taarifa hizo zikiangukia mikono mibaya na kukawa na hatari ya kweli kwa wenyewe, chama kinatakiwa kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu kijue.

Panga mapema

Microsoft hutoa masasisho ya kila mwezi Jumanne ya pili. Kwa saa zetu ni saa mbili au saa tatu usiku, kwa hivyo Jumatano asubuhi ndiyo mashine nyingi huamka zimebadilika. Usiweke malipo siku hiyo. Kama lazima, sitisha masasisho kwa wiki moja kwa kutumia "Pause updates," kisha usasishe mara malipo yakiisha. Msiahirishe milele. Na kama bado mnatumia Windows 10, msaada wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, pangeni kuhama.

La mwisho: teueni mwidhinishaji wa akiba, mwenye akaunti yake na nenosiri lake, awe ofisini siku mhasibu akisafiri. Mtandao ukikataa kabisa, yeye ataidhinisha kihalali. Na kama hamna mtu huyo bado, ni afadhali malipo yachelewe mpaka kesho. Mkulima atanung'unika, lakini pesa yake atapata. Pesa ikishatumwa kwa laini isiyo yake, kuirudisha ni kazi nyingine kabisa.