Unasafiri? Jua Kama Simu Yako Itakubali Laini ya Huko

Wengi hugundua kwamba simu yao imefungwa mtandao wakiwa tayari wamevuka Busia au Namanga. Laini mpya imenunuliwa, imetiwa, na simu inaitisha namba ya kufungua ambayo mwenyewe hana. Tuliangalie jambo hili ukiwa bado nyumbani.

Kwanza, ijaribu. Azima laini ya mtandao mwingine kwa jirani, itie, kisha piga simu. Ikipita, simu iko wazi na hakuna haja ya kulipa mtu yeyote. Kwa iPhone, ingia Settings, General, About, utafute palipoandikwa Carrier Lock. Ukisoma "No SIM restrictions", uko sawa.

Simu zinazosumbua sana ni zile tunazoletewa na ndugu kutoka Marekani, kwa sababu kampuni nyingi za huko hazifungui simu mpaka deni lake liishe. Anayeweza kuomba ifunguliwe ni yule aliyeinunua, kwa hivyo mpigie ndugu yako mapema. Atahitaji IMEI, ile namba ya tarakimu 15 unayoipata ukibonyeza *#06#. Uingereza ni afadhali: tangu Desemba 2021 kampuni za simu zimekatazwa kuuza simu zilizofungwa.

Ukipewa namba ya kufungua, usibahatishe. Simu nyingi huruhusu majaribio machache tu, na yakiisha, kuifungua kunakuwa kazi ngumu kweli.

Simu ya mkopo ni habari nyingine. Hiyo hufungwa na aliyekukopesha ukichelewa kulipa, hata kama inakubali laini zote. Ukienda Kampala siku kumi, lipia hizo siku kumi kabla hujaondoka. Ikijifunga huko, utajikuta unatakiwa kulipa kwa laini ya Kenya iliyo ndani ya simu hiyo hiyo. Na fundi akikuambia ataondoa kufuli la mkopo, mwache. Deni halifutiki.

Tukizungumzia mafundi: ukimwachia simu, toa laini yako kwanza. Kufungua mtandao hakuhitaji PIN yako ya pesa hata siku moja. Anayeiuliza anataka pesa zako. Pia hifadhi picha na namba mahali pengine, maana kazi nyingine huishia kwa kufuta kila kitu.

Sasa laini yako ya Kenya. Pesa zako ziko kwenye akaunti, haziko kwenye simu, kwa hivyo kutoa laini hakupotezi hata shilingi. Lakini ujumbe wa kuthibitisha huja kwa laini hiyo, na akiiokota mtu mwingine, ujumbe utamfikia yeye. Kama simu yako ina nafasi mbili, iache ndani, uwashe huduma ya kutumia laini ukiwa nje, na uzime data yake ili isikule salio. Data tumia ya laini ya huko. Kama nafasi ni moja, weka laini ya Kenya pamoja na pasipoti, si kwenye droo ya gesti. Iwekee pia PIN ya laini yenyewe, tofauti na ile ya pesa.

Namba fupi za huduma kwa wateja hazipiti ukipiga kwa laini ya nchi nyingine. Andika ile ndefu inayoanza na +254, na uiandike kwenye karatasi.