Baba yake Nemo angegeuka mama

Swali: Mtoto wangu anapenda sana filamu ya Finding Nemo. Je, ni kweli baba samaki hulea mwanawe peke yake?

Jibu: Nusu ni kweli. Dume ndiye mlinzi wa mayai: huyapepea kwa mapezi yapate oksijeni na kuyaondoa yaliyooza. Lakini yakianguliwa, baada ya wiki moja hivi, malezi yamekwisha. Watoto huchukuliwa na maji hadi bahari ya wazi, na wachache wanaonusurika hutafuta anemoni yao wenyewe, yaani mnyama wa baharini wanayeishi kati ya minyiri yake. Nemo halisi asingemjua babake.

Filamu hiyo ya 2003 iliruka jambo tamu kuliko yote. Katika kila anemoni, mkubwa wa kaya ni jike. Anayemfuata kwa ukubwa ni dume wake, na wengine ni wadogo wasiozaa. Samaki hawa wote huanza maisha wakiwa madume. Jike akiliwa na mzia, kama mamake Nemo, mjane hageuki baba mwenye wasiwasi, hugeuka jike! Mdogo aliye mkubwa kuliko wenzake hukua upesi na kuwa mumewe. Naelewa kwa nini watunzi walilikwepa hilo.

Anemoni, watunzi wameionyesha sawasawa: huwachoma samaki wengine, ila hawa hukingwa na ute wa ngozi yao. Jamaa zao wako kwenye matumbawe ya pwani yetu pia. Mpeleke mtoto akawaone maji yakiwa matulivu, asiguse tu.