Kabla Kichwa Hakijapata Moto: Mwongozo wa Hisia na Nidhamu kwa Mchezaji wa Poka

Katika aina ya poka inayochezwa zaidi, mchezaji hupewa karata mbili asizozichagua. Hukalishwa na wapinzani asiowachagua, na katikati ya meza hufunuliwa karata tano ambazo hakuna mwenye uwezo juu yake. Kilicho chake ni kimoja tu, uamuzi: kutupa karata, kufuata dau au kulipandisha. Kila kinachouharibu uamuzi huo, iwe hasira, woga, uchovu au furaha ya kupita kiasi, humla pesa kwa uhakika kuliko karata mbaya.

Wengi hudhani nidhamu ni uwezo wa kujizuia pale pale mezani. Uwezo huo upo, lakini huisha haraka, hasa usiku wa manane baada ya kupoteza. Wachezaji wanaodumu hawautegemei. Maamuzi mazito huyafanya mapema, akili ikiwa imetulia, kisha wakifika mezani huyatii tu. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kufanya hivyo.

Kwanza, mambo matatu yawekwe wazi. Sheria za Tanzania na Kenya zinamkataza aliye chini ya miaka 18 kucheza michezo ya pesa. Wapo pia wasomaji ambao dini yao imeharamisha kamari. Makala haya hayawaiti mezani. Na poka si njia rahisi ya kipato. Kasino au tovuti hukata sehemu ya fungu linaloshindaniwa au hutoza ada ya kuingia, hivyo jumla ya pesa inayorudi kwa wachezaji kwa kawaida ni ndogo kuliko waliyoiweka. Kwa muda mrefu, wanaopoteza ni wengi kuliko wanaofaidika.

Ijue hesabu inayouma

Hasira nyingi za poka huzaliwa na matarajio yasiyo sahihi. Katika Texas Hold'em, aina inayochezwa zaidi duniani, mkono bora wa kuanzia ni ree mbili, yaani karata mbili zenye herufi A. Zikipambana na kingi mbili hadi karata ya mwisho, ree hushinda takriban mara 82 katika kila 100. Anayezishika hujiona ameshamaliza kazi, akasahau zile mara 18 zilizobaki.

Mara 18 katika 100 ni karibu mara moja katika kila tano au sita. Uwezekano wa kupoteza hivyo mara mbili mfululizo ni kama asilimia 3. Anayecheza mara moja kwa mwaka huenda asikutane na balaa hilo. Anayecheza kila wiki kwa miaka mingi anaweza kukutana nalo, na hakuna aliyemroga. Ndivyo mchezo ulivyo. Karata hazikumbuki zilichokufanyia jana, wala hazina deni la kukulipa leo.

Mashindano yana ukali zaidi. Shindano kuu la World Series of Poker kule Las Vegas, lenye kiingilio cha dola 10,000, lilivutia washiriki 10,043 mwaka 2023. Mshindi, Daniel Weinman, aliondoka na dola milioni 12.1. Waliopata chochote walikuwa takriban asilimia 15. Wengine wote, wakiwamo mabingwa wa miaka mingi, walitoka mikono mitupu. Ukiingia kwenye shindano bila kuikubali hesabu hiyo, umeingia na hasira mfukoni.

Akili ya binadamu nayo haipimi pesa sawasawa. Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza kwamba uchungu wa kupoteza huzidi utamu wa kupata kiasi kile kile, na tafiti zao za baadaye zilikadiria uzito wake kuwa takriban mara mbili. Walionyesha pia kwamba mtu aliye kwenye hasara huwa mwepesi wa kujitosa katika hatari ambayo angeikataa akiwa salama. Hapo ndipo inapoanza tamaa ya kukomboa: aliyepoteza laki moja anaweka laki mbili ili arudishe, wakati ambapo kichwa chake ndicho kibovu kuliko saa zote.

Sheria nne za kuandika kabla ya kukaa

Ziandike kwenye karatasi au kwenye simu, mchana, ukiwa umeshiba na umelala vizuri. Mwonyeshe mtu mmoja unayemheshimu, awe mwenzi wako au rafiki, ili asiyeingiwa na joto la meza naye azijue.

*1. Tenga mtaji.* Pesa ya poka ikae peke yake, mbali na kodi ya nyumba, ada za watoto na matibabu. Ikiisha, umesimama. Anayecheza na pesa ya kodi hawezi kuamua vizuri, kwa sababu kila dau analoliona lina sura ya mwenye nyumba.

*2. Kaa kwa asilimia ndogo.* Chris Ferguson, bingwa wa dunia wa mwaka 2000, aliwahi kuanza bila senti kwenye mashindano ya bure ya mtandaoni hadi akafikisha dola 10,000. Kanuni yake kwenye meza za pesa ilikuwa kutokaa na zaidi ya asilimia 5 ya mtaji, na kwenye mashindano makubwa asilimia 2. Kwa mtaji wa shilingi milioni 2, meza yako ni ya shilingi 100,000 na shindano lako ni la shilingi 40,000. Mtaji ukishuka hadi milioni 1.4, shuka nawe: meza ya 70,000. Kushuka huko kunauma kuliko sheria nyingine zote, na ndiko kunakookoa wengi.

*3. Weka kikomo cha hasara.* Kwa mfano, ukipoteza mara mbili ya kiasi ulichokaa nacho mezani, siku imekwisha. Kikomo hiki hakibadilishi bahati. Kinakuondoa mezani wakati ambapo wewe mwenyewe huwezi tena kujua kama unacheza vizuri. Acha kadi ya benki nyumbani, na kwenye simu weka ukomo wa kuweka pesa, huduma inayotolewa na tovuti nyingi zenye leseni.

*4. Panga saa ya kuondoka.* Kwenye kasino nyingi hutaona saa ukutani, na huko Las Vegas wachezaji huletewa vinywaji bure. Tega kengele kwenye simu. Kunywa maji, kula kabla hujahisi njaa, na pombe iachie siku usiyocheza. Ukiwa umelala kwa saa nne tu usiku uliopita, au umetoka kugombana na mtu nyumbani, usikae kabisa.

Dakika kumi baada ya pigo

Chukua tukio hili. Una ree mbili, mpinzani ana kingi mbili, na wote mmesukuma kila kitu katikati. Karata nne zimefunuliwa. Kingi haipo, na hakuna kingine cha kumwokoa. Zimebaki karata 44 zisizoonekana, na kati ya hizo kingi ni mbili tu. Mgawaji anafunua ya tano: kingi ya uru. Fungu lote linasukumwa upande wa pili. Mpinzani anapanga sarafu zake za mezani taratibu, na karata mpya tayari zinagawiwa.

Mwili hujua kabla ya akili. Masikio yanapata joto, taya zinabana, goti linatikisika chini ya meza, pumzi inakuwa fupi. Kisha mawazo yanafuata: huyu lazima nimwonyeshe, haiwezekani niondoke hivi, mkono huu nacheza hata kwa karata yoyote. Ukisikia mojawapo ya sauti hizo, umeshaanza kupaniki, hata kama uso wako umetulia.

Fanya haya kwa mpangilio:

- Ondoa mikono mezani na utoe pumzi ndefu, polepole, mara tatu au nne. Usitazame fungu lililohamia kwa mwenzako.
- Tupa karata unazogawiwa sasa hivi. Kwenye meza ya pesa, inuka, uruke mzunguko mzima, tembea hadi nje, unawe uso. Kwenye shindano mchezo haukusubiri. Hapo jiwekee kanuni kwamba kwa mzunguko mmoja utacheza karata zenye nguvu tu.
- Jiulize swali moja: pesa ilipoingia katikati, nani alikuwa mbele? Kama ni wewe, uamuzi ulikuwa sahihi na hakuna cha kurekebisha. Kama si wewe, andika mkono huo uuchunguze kesho. Usiuchunguze sasa.
- Jipime kwa kumi. Ukirudi na joto lako limezidi tano, chukua sarafu zako, zibadilishe pesa, nenda nyumbani.

Usimseme mgawaji, wala usimfundishe mpinzani kosa lake. Mgawaji hana mkono katika karata inayotoka, na mpinzani anayecheza vibaya ndiye anayekupa faida siku nyingine. Atakayemkaripia mezani amemwonyesha kila mtu kwamba hajatulia, na wajuzi watamwandama.

Hasira zenyewe hazifanani. Jared Tendler, mshauri wa saikolojia aliyeandika *The Mental Game of Poker* mwaka 2011, amezigawa katika aina kadhaa: ya kuona umeonewa na bahati, ya kuchukia kushindwa, ya kujikasirikia kwa kosa lako, ya kutaka kulipiza kisasi kwa mtu fulani, na ya kuona kwamba ulistahili kushinda kwa kuwa wewe ni bora. Ijue yako. Wa kisasi ahame meza. Wa kujikasirikia aandike kosa lake mara moja ili limtoke kichwani. Anayeona ameonewa arudie hesabu za hapo juu hadi zimwingie.

Ushindi nao hulevya

Watu hujilinda na hasara wakasahau faida. Baada ya kushinda mafungu matatu mfululizo, mchezaji huanza kujiona anaona kupitia migongo ya karata. Anafuata madau asiyopaswa kuyafuata, anahamia meza kubwa kuliko mtaji wake, anakataa kuondoka kwa sababu leo ni siku yake.

Stu Ungar ni mfano wa kusikitisha. Wengi wanamhesabu kuwa miongoni mwa wachezaji wenye kipaji kikubwa zaidi waliowahi kutokea. Alishinda shindano kuu la dunia mwaka 1980, 1981 na tena 1997. Alichokipata kwa karata kilimponyoka kwenye mbio za farasi, kubeti michezo na dawa za kulevya. Kiingilio cha dola 10,000 cha mwaka 1997 alilipiwa na mtu mwingine. Novemba 1998, akiwa na miaka 45, alikutwa amefariki katika moteli mjini Las Vegas, na rafiki zake walichangishana kumzika. Kipaji kisicho na ua wa kukizunguka hakimtoshi mtu.

Kwa hiyo sheria zako zihusu ushindi pia. Saa ya kuondoka ikifika, ondoka hata kama unashinda. Na usipande meza ya juu usiku ule ule ulioshinda. Uamuzi wa kupanda ufanywe siku nyingine, kwa kutazama mtaji.

Daftari la kesho yake

Mwanasaikolojia na mwandishi Maria Konnikova alianza poka akiwa hajui hata karata ziko ngapi kwenye pakiti, chini ya malezi ya Erik Seidel, mmoja wa mabingwa wakongwe. Seidel hakutaka kusikiliza hadithi za jinsi karata zilivyomwonea. Alichotaka ni kusikia aliamuaje, na kwa sababu gani. Mwaka 2018 Konnikova alishinda shindano huko Bahamas na kupata zaidi ya dola 84,000.

Iga mtindo huo kwenye daftari. Kila baada ya kucheza, andika: niliingia saa ngapi na kutoka saa ngapi, nilikuwa katika hali gani, mikono miwili iliyonisumbua na sababu za uamuzi wangu, ni sheria ipi niliivunja. Pesa iliyopatikana au kupotea iandike mwisho. Siku uliyoshinda kwa kuvunja sheria ihesabu kuwa siku mbaya, na siku uliyopoteza ukiwa umezitii zote ihesabu kuwa siku njema.

Mashine pia imethibitisha thamani ya kazi ya nyuma ya pazia. Januari 2017, mjini Pittsburgh, programu iitwayo Libratus ilicheza mikono 120,000 dhidi ya wachezaji wanne wa kulipwa na kuwashinda wote. Haikuchoka wala kukasirika. Na kila usiku, baada ya mchezo, ilikokotoa upya kuziba mianya ambayo wapinzani wake walikuwa wameigundua mchana. Sehemu ya kwanza binadamu hawezi kuiiga. Ya pili anaweza.

Nidhamu isipotosha

Kuna hatua ambapo tatizo si tabia ya mezani tena. Ukijikuta unarudi kila siku kukomboa, unaficha hasara kwa familia, unakopa ili ucheze, au umejaribu kuacha ukashindwa mara kadhaa, huo ni uraibu. Tangu mwaka 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani unauweka uraibu wa kamari kundi moja na wa pombe na dawa za kulevya. Una tiba, na haumaanishi kwamba wewe ni mtu dhaifu au mwovu. Iombe kasino au tovuti ikufungie usiweze kucheza, mkabidhi mtu unayemwamini usimamizi wa pesa zako, na umwone mtaalamu wa afya ya akili. Hospitali ya Muhimbili jijini Dar es Salaam, Mirembe mjini Dodoma na Mathari jijini Nairobi zina huduma hizo. Hospitali ya rufaa iliyo karibu nawe inaweza kukuelekeza.

Kwa anayeendelea kucheza, kazi ya kwanza haiko kasino. Leo, kabla hujagusa karata, andika sheria zako nne na kiasi halisi cha pesa mbele ya kila moja, mpe mtu mmoja nakala, na ukubaliane naye kwamba atakuuliza baada ya kila mchezo. Ikiwa huwezi kumwonyesha mtu yeyote karatasi hiyo, bado hujawa tayari kukaa mezani.