Kurudi Nyumbani na Vyombo: Ushuru Wake Ukoje?

Wengi wetu tunao jamaa waliokwenda kufanya kazi Omani na nchi nyingine za Uarabuni. Siku moja hufunga mizigo na kurudi nyumbani moja kwa moja. Je, vyombo vyao vitatozwa ushuru bandarini? Tujifunze jambo hili, maana asiyejua hulipa asichodaiwa, au hupoteza mali yake.

Tanzania, Kenya na Uganda zilianza kutumia sheria moja ya forodha mwezi wa Januari, 2005. Rwanda na Burundi zikafuata mwaka 2009. Sheria hiyo yasema hivi: mtu anayehamia huku kutoka nje ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, au mwenyeji anayerudi kukaa, aweza kusamehewa ushuru wa nguo zake na vyombo vya nyumbani alivyokuwa akivitumia kule alikotoka. Tushike neno hilo "akivitumia". Kitanda ulichokilalia, cherehani uliyoshonea, sufuria zenye masizi, hivyo ni vyako. Lakini redio kumi mpya ndani ya maboksi, hata ukisema zote zako, Bwana Forodha atakuuliza: una masikio mangapi?

Taabu kubwa huletwa na mizigo ya watu. Jirani amekutumia fedha umnunulie simu. Shemeji naye anataka televisheni. Vitu vya kuuza au vya kuwapa wengine havimo katika msamaha huu. Viandike mbali, uvilipie. Ukivificha katikati ya nguo na kusema ni vyako, umesema uongo mbele ya forodha, na hilo ni kosa la kupelekwa mahakamani. Sisi tunaona afadhali shemeji anune kuliko wewe kulala ndani. Hata vitambaa vya jora havisamehewi. Gauni lililoshonwa, sawa, jora, hapana.

Na gari je? Ni moja tu, kwa mtu aliyetimiza miaka 18. Liwe lako mwenyewe, nawe uwe umelitumia huko nje miezi 12 au zaidi. Siku za melini hazihesabiwi. Gari la kubeba mizigo zaidi ya tani 2 haliingii katika msamaha. Na ukishasamehewa, usiliuze kabla ya kwenda forodha kulipia ushuru.

Si lazima vyombo vifike pamoja nawe. Vyaweza kuja nyuma kwa meli, ila vifike ndani ya siku 90 tangu ulipofika wewe. Ukiona vitachelewa, mwombe Kamishna akuongezee muda. Lakini hawezi kupita siku 360 tangu ulipofika.

Sasa kazi ya kalamu. Kabla ya kufunga sanduku, andika kila kitu: jina lake, idadi, mwaka ulionunua, na sanduku kilimo. Tunza risiti na kadi ya gari. Wakala wa forodha anayekutolea mizigo atakuletea karatasi za kutia sahihi. Zisome kwanza, ulinganishe na orodha yako. Neno usilolijua, uliza. Kusoma unajua, kwa nini uweke dole gumba na kusema "haya bwana"?

ZOEZI: Ndugu yetu amefika Dar es Salaam tarehe 1 Machi. Masanduku yake yanatazamiwa kufika tarehe 4 Juni. Hesabu kwenye kalenda: je, yatakuwa ndani ya siku 90? Kama hapana, mwandikie barua fupi ya kuomba muda kwa Kamishna.