Likizo ya familia Kipili: kushuka ziwani kutoka Sumbawanga

Familia nyingi za Sumbawanga zikiwaza likizo ya ufukweni huwaza Dar es Salaam au Bagamoyo, safari ya zaidi ya kilomita 1,000, watoto wamelala mapajani mwa wazazi na nusu ya fedha imeishia kwenye nauli. Wakati huohuo Ziwa Tanganyika liko hapo chini, siku moja ya safari. Mwongozo huu ni kwa familia inayotaka kupumzika kweli: kuogelea, kula samaki, kulala mchana, kukaa bila haraka. Ni kwa wenyeji wa Ufipa, na pia kwa wageni wanaopanda kutoka Mbeya kwa lami ya Tunduma na Laela.

Kwanza chagueni mahali pamoja na mkae hapo. Ufukwe wa ziwa hili katika mkoa wa Rukwa una vijiji vingi, na kishawishi ni kuvizungukia vyote: Kabwe, Kirando, Kipili, Wampembe, Kasanga. Msifanye hivyo. Barabara za kushukia ziwani hutoka juu, kila moja kwa upande wake. Ukitaka kutoka kijiji kimoja kwenda kingine, mara nyingi unalazimika kupanda tena hadi juu na kushuka upya. Wenye watoto wadogo nawashauri Kipili, wilaya ya Nkasi. Mbele yake kuna visiwa ambavyo huyavunja mawimbi kabla hayajafika pwani, kwa hiyo maji hutulia kuliko sehemu zilizo wazi. Malazi yanayojulikana zaidi na wageni ni Lake Shore Lodge, yenye vyumba na pia eneo la kupiga mahema. Wenye mfuko mdogo hulala nyumba za wageni za Kirando, mji mkubwa zaidi wa uvuvi uliopo jirani. Pigeni simu mapema, hasa kwa likizo za Juni na Desemba. Ulizeni bei ya mtoto, kama kuna chandarua kila kitanda, na kama jiko linapika chakula cha watoto wadogo au mtapika wenyewe.

Kuhusu majira, Rukwa ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili. Likizo ya Desemba kwa hiyo huangukia mvuani, na kipande cha barabara ya vumbi kati ya Namanyere na ziwani hugeuka utelezi. Gari dogo linaweza kukwama, na kukwama na watoto kwenye mteremko si jambo la kuchukulia kirahisi. Juni na Julai barabara ni kavu, mbu hupungua, na ziwani jua ni la kupendeza. Ila miezi hiyo ina mambo mawili ya kujua. La kwanza ni upepo wa kusini, ambao unaweza kuchafua ziwa kutwa nzima. La pili ni samaki. Mwaka 2024 serikali ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane, kwa makubaliano na nchi nyingine tatu zinazolizunguka ziwa: Kongo, Burundi na Zambia. Kabla ya kupanga, ulizeni ofisi ya uvuvi au mwenyeji wenu kama ziwa litafungwa mwaka huo na kwa tarehe zipi. Likifungwa bado mtaogelea na kupumzika, lakini msiwaahidi watoto migebuka kila siku. Kwa familia ambayo haifungwi na ratiba ya shule, mimi naona mwisho wa Agosti na Septemba ndio wakati bora.

Kutoka Sumbawanga mtapita Chala hadi Namanyere kwa lami, kisha takribani kilomita 60 za vumbi hadi ziwani. Ondokeni alfajiri. Mabasi yapo, lakini kama ndugu wawili watatu wataungana, kukodi gari dogo la abiria lenye dereva anayeijua njia ni nafuu ya mwili na ya roho. Toeni fedha taslimu Sumbawanga au Namanyere, kwa sababu chini mtategemea mawakala wa simu, na wakala anaweza kuishiwa. Namanyere ndipo pa kununulia unga, mchele, mafuta, maji ya chupa na matunda. Maharage bebeni ya Ufipa, hayana mpinzani.

Sumbawanga iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ziwa liko kwenye mita 770 hivi. Maana yake mtateremka zaidi ya kilomita moja ya kimo kwa saa chache tu. Asubuhi ya Juni mtaondoka na masweta na kofia za sufu, na jioni watoto watakuwa wanagombana kulala karibu na dirisha. Kwenye mteremko masikio huziba, wapeni wadogo kitu cha kunyonya au kutafuna. Mtoto anayetapika garini akae mbele. Mwambieni dereva asimame mahali ziwa linapoonekana kwa mara ya kwanza. Siku ikiwa angavu, milima ya Kongo huonekana ng'ambo.

Sasa maji yenyewe, ambapo nitakaa kidogo maana ndipo furaha na hatari zinapokutana. Tanganyika ni ziwa la pili kwa kina duniani baada ya Baikal ya Urusi, mita 1,470 mahali pa kina zaidi, na limekaa ndani ya bonde la ufa. Ndiyo sababu sehemu nyingi kina huanza ghafla: mtoto anasimama maji ya kiunoni, hatua tatu mbele hakuna chini. Mtu mzima mmoja, aliyeteuliwa kwa jina na asiyeshika simu, awe majini au kando ya maji muda wote watoto wanapoogelea. Pokezaneni kwa zamu. Msiseme "wote tunaangalia", maana hapo hakuna anayeangalia.

Mamba wapo ziwani, na viboko pia. Wenyeji wanajua mahali walipo, kwa hiyo swali la kwanza mkifika liwe hilo: watoto wa hapa wanaogelea wapi? Ogeleeni hapohapo, mchana, jua likiwa juu. Epukeni midomo ya mito, matete na saa za magharibi. Kichocho nacho hukaa kwenye maji yaliyotulia yenye majani na konokono, hasa karibu na makazi ya watu. Chagueni ufukwe wa mchanga au mawe, maji maangavu. Mkishatoka jifuteni kwa taulo, na wiki kadhaa baada ya kurudi wapelekeni watoto kupimwa. Dawa yake ipo na inaponya. Malaria ni kali zaidi ziwani kuliko juu kwenye baridi, na watoto wa Sumbawanga hawajaizoea sana. Chandarua ni cha lazima, na homa yoyote ipimwe siku hiyohiyo. Kirando kuna kituo cha afya, Namanyere kuna hospitali.

Baada ya tahadhari, furaha. Nunueni miwani ya kuogelea kwa kila mtoto kabla ya safari, hata ya bei rahisi. Ziwa hili lina zaidi ya aina 200 za samaki wa jamii ya sato, na karibu wote hawapatikani ziwa lingine lolote duniani. Wengi ni wadogo, wenye rangi za njano, buluu na mistari myeusi, nao wanaishi kwenye mawe ya ufukweni, maji ya magotini. Kuna watu wa nchi za mbali wanaowanunua kwa fedha nyingi ili kuwaweka kwenye matangi ya kioo sebuleni. Mtoto wa Nkasi anawaona bure kwa kuinamisha uso majini, na ningependa kila mtoto wa mkoa huu awaone walau mara moja.

Siku moja pangeni safari ya visiwani kwa boti ya injini. Pataneni bei ya boti nzima, kwenda na kurudi, kabla hamjapanda, na msiwapandishe watoto pasipo maboya ya kujiokolea yanayowatosha. Nahodha akisema leo upepo umekataa, msimbembeleze. Siku nyingine pandeni kilimani kwenye magofu ya kanisa la misheni, jioni jua likiwa limepoa.

Usiku usio na mbalamwezi wavuvi wa dagaa huingia ziwani na taa, na upeo wote huwa kama mji. Asubuhi yake dagaa huanikwa. Wafundisheni watoto kutokukanyaga anikio wala kushika nyavu, na salimieni kila mtu mzima kwa shikamoo kabla ya kuuliza bei. Migebuka wa kuchoma, kuhe wa mchuzi wa nyanya, ugali moto: hicho ndicho chakula cha huko. Wageni kutoka mbali nawaomba jambo moja la heshima, acheni utani wa kuwahusisha wenyeji na radi na uchawi mnapokuwa Rukwa. Watu wameusikia vya kutosha.

Familia yenye watoto wakubwa, wanaopenda kuona kuliko kukaa, iende Kasanga badala yake. Lami inapita Matai hadi bandarini, kilomita 112. Enzi za Wajerumani mji huo uliitwa Bismarckburg, hadi Waingereza walipouteka mwaka 1916, na mabaki ya boma yapo. Karibu nao kuna maporomoko ya Kalambo, mpakani na Zambia, ambako mto unaanguka kwa mruko mmoja wa zaidi ya mita 200. Juu kidogo ya hapo, upande wa Zambia, ndipo watafiti walipopata magogo mawili yaliyochongwa na kuunganishwa, ambayo mwaka 2023 walitangaza kuwa na umri wa miaka takribani 476,000. Waelezeni watoto hilo wakiwa wamesimama pale pale, ila mbali na ukingo, mkiwa mmewashika mikono.

Siku nne zinatosha Kipili, sita ni bora zaidi, na siku ya kurudi ondokeni mapema ili mteremko mliousifu muupande mchana. Msioge kwa sabuni ziwani, na chupa zote za plastiki mlizoshuka nazo zipande nanyi hadi Namanyere. Watu wa Kipili huchota maji ya kunywa humohumo mnamoogelea.